Krimu ya Usiku, Jua la Mchana: Retinoidi kwa Mkulima wa Lupiro

Juu ya bahasha ya dawa, chini ya jina la mgonjwa, aghalabu huandikwa maneno matatu: "Paka usiku usoni." Kwa dawa nyingi za ngozi maneno hayo hutosha. Kwa krimu ya tretinoini hayatoshi. Na kwa mgonjwa anayevuka nayo mto Kilombero kurudi Lupiro, ambako mchana wake wote utapita katikati ya jaruba la mpunga, upungufu wa maneno hayo huweza kumwachia madoa usoni kwa miezi mingi. Hoja ya makala haya ni moja. Agizo la retinoidi halijakamilika mpaka aliyeliandika amuulize mgonjwa anafanya kazi gani, anaifanyia wapi, na msimu wa kilimo umefika mwezi gani.

Lupiro iko wilayani Ulanga, takriban kilomita 30 kusini mwa Ifakara, kwenye mwinuko wa karibu mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Jina lake limeandikwa mara nyingi katika majarida ya kisayansi ya dunia, lakini kwa sababu ya mbu: watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakiwachunguza hapo kwa miaka mingi, tangu wanavyouma mpaka wanakozaliana. Ngozi haikupata bahati ya kutazamwa hivyo. Chunusi haiui, na mahali ambapo malaria bado inalaza watoto ni rahisi kuiona chunusi kama anasa ya mabinti wa mjini. Hata hivyo tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018 na watu kuachana na kivuko, mgonjwa wa Lupiro anaweza kwenda Ifakara na kurudi siku hiyohiyo. Pamoja naye huvuka kila kinachouzwa mjini: dawa halali iliyoandikwa na daktari, na kopo lisilo na lebo lililochanganywa nyuma ya duka.

Retinoidi ni jamii ya dawa zilizo na undugu na vitamini A. Zinazopakwa na kujulikana zaidi ni tretinoini, ambayo huja kwa nguvu ya asilimia 0.025, 0.05 au 0.1, na adapalini, ambayo aghalabu huwa asilimia 0.1. Undugu huo na vitamini A huwachanganya baadhi ya wazazi, kwa kuwa watoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Ifahamike kwamba krimu hii si lishe, wala matone yale hayapakwi usoni kutibu chunusi. Kila kimoja kina kazi yake.

Kazi ya tretinoini hufanyika ndani ya kitundu cha unywele. Kwa mwenye chunusi, chembe za ngozi zinazotakiwa kupukutika hushikana, huchanganyika na mafuta ya ngozi na kuziba kitundu. Nyuma ya kizibo hicho bakteria huongezeka na uvimbe huanza. Tretinoini huharakisha kuzaliwa na kupukutika kwa chembe hizo, kiasi kwamba kizibo hakipati nafasi ya kuumbika. Kwa hiyo haikaushi kipele cha leo. Inazuia kipele cha mwezi ujao, na hiyo ndiyo sababu matokeo yake hayapimwi kwa siku bali kwa wiki 8 hadi 12. Mgonjwa asiyeambiwa jambo hili atapaka kwa siku kumi, ataona hakuna kilichobadilika, kisha ataongeza kiasi au ataacha. Yote mawili ni hasara.

Kabla ya faida huja bughudha. Katika wiki 2 hadi 6 za mwanzo tabaka la juu kabisa la ngozi hupungua unene, hupoteza maji na kupukutika. Vitabu vingi vya tiba huelezea hali hii kwa kusema uso unakuwa mwekundu, maelezo yaliyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Uso hupauka kama uliopakwa majivu, huvuta unapocheka, huwasha maji yanapogusa, na pembeni mwa pua na mdomo hutokea rangi ya zambarau au weusi uliokolea. Mtoa huduma anayesubiri kuona wekundu atachelewa kuona kwamba mgonjwa wake amebabuka.

Tena kuna jambo linalohusu ngozi nyeusi kuliko ngozi nyingine zote. Chembe zinazotengeneza rangi huitikia uvimbe kwa kumwaga rangi zaidi. Kila penye mchubuko, muwasho au moto, hubaki doa jeusi ambalo laweza kukaa kwa miezi mingi baada ya jeraha lenyewe kupona. Tretinoini ikitumiwa kwa utaratibu hupunguza madoa ya aina hiyo. Ikitumiwa kwa pupa huyazalisha. Ni dawa ileile na tyubu ileile.

Mgonjwa aliyeingia na vipele akatoka na madoa hatarudi kwa daktari aliyemwandikia. Atakwenda kutafuta mkorogo, na humo atakutana tena na tretinoini bila kujua. Mwaka 1975 huko Marekani, Albert Kligman na Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa kupunguza weusi wa ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na deksamethasoni asilimia 0.1. Ulikuwa mchanganyiko wa kutumiwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa madoa na kwa muda. Kligman huyohuyo ndiye aliyekuwa ameifanya tretinoini kuwa tiba ya chunusi, na jina lake limebaki na doa jingine kubwa zaidi kwa ajili ya majaribio aliyowafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia. Hilo lina mjadala wake. Linalohusu Ulanga ni kwamba wazo lile la viungo vitatu, haidrokwinoni, retinoidi na steroidi, liliwatoka madaktari likaingia sokoni, na leo linakorogwa katika makopo bila kipimo, bila tarehe na bila mtu wa kumwambia mtumiaji lini aache.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgawanyo huo una mantiki ofisini, lakini mkorogo hauujui: ni kipodozi kwa anayeununua na ni dawa tatu kwa ngozi inayoupokea. Misako ya maduka ni ya lazima, ila haitamfikia binti aliyepata kopo lake kwa jirani. Anayeweza kumfikia ni mtoa huduma anayemwandikia tretinoini halali, iwapo atamweleza vizuri kiasi cha kumfanya asilihitaji kopo hilo.

Wako wataalamu wanaoona kwamba njia salama ni kutomwandikia kabisa retinoidi mkulima wa bondeni. Jua ni kali, wanasema, na ufuatiliaji ni mgumu. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini matokeo yake si ya huruma. Mgonjwa anayenyimwa retinoidi habaki bila tiba. Hupewa doksisaiklini mwezi baada ya mwezi, dawa ambayo nayo huifanya ngozi iungue upesi juani na ambayo matumizi yake ya kiholela hukuza usugu wa bakteria. Au hupewa krimu ya steroidi, inayotuliza uso kwa wiki mbili kisha ikaota vipele vipya vya aina moja, vidogo na vingi. Kumnyima mtu dawa bora kwa sababu anafanya kazi juani ni kumwadhibu kwa kulima. Kinachotakiwa ni kuipanga dawa ifuate maisha yake.

Hapa ndipo kalenda ya mpunga inapostahili kuingia katika chumba cha daktari. Lupiro iko kwenye latitudo ya nyuzi 8 na ushei kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita wima juu ya vichwa vya watu wake mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Oktoba ni wakati wa kusafisha na kuandaa mashamba. Februari watu wengi wapo majarubani wakipandikiza na kupalilia, wameinama, na maji yaliyo chini yao huakisi sehemu ya mwanga kuja chini ya ukingo wa kofia, penye mashavu na kidevu. Kumwanzishia mtu tretinoini katika wiki hizo ni kuondoa paa la nyumba masika yakiwa yamekaribia. Mavuno huja kati ya Mei na Julai. Baada ya hapo, kwa wasio na majaruba ya umwagiliaji, kazi za shambani hupungua na jua lenyewe liko chini zaidi upande wa kaskazini.

Anayeanza tretinoini mwishoni mwa Juni au mwezi Julai atapitia wiki zake ngumu za kubabuka wakati anaweza kukaa kivulini saa za mchana. Itakapofika Oktoba ngozi yake itakuwa imekwisha kuizoea dawa, na hapohapo ndipo wiki zile 12 za kuona matokeo zitakuwa zimetimia. Kuna tahadhari moja: hewa ya Julai ni baridi na kavu kuliko ya masika, kwa hiyo hitaji la mafuta ya kulainisha ngozi ni kubwa zaidi. Lakini ukavu hutibika kwa mafuta, na jua la utosini halitibiki kwa chochote kinachouzwa Lupiro.

Si kila mgonjwa anaweza kusubiri Julai. Mwenye vipele vikubwa vyenye maumivu, vinavyoacha makovu yenye mashimo, aanze tiba mara moja hata kama ni Februari, na apewe rufaa kwenda Ifakara kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kwa sababu shimo la kovu halizibiki baadaye kama doa linavyofifia. Kwa wengine waliokuja wakati wa palizi, benzoili peroksaidi yaweza kushika zamu mpaka mavuno yaishe. Waonywe tu kwamba hutoa rangi ya nguo: khanga mpya ikitumika kama taulo itarudi na mabaka meupe. Tena benzoili peroksaidi huiharibu tretinoini ya kawaida vinapopakwa pamoja. Kama vyote viwili vinahitajika, kimoja kipakwe asubuhi na kingine usiku. Adapalini haina ugomvi huo.

Namna ya kupaka ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua mambo. Uso uoshwe kwa maji na sabuni laini isiyokwangua, bila dodoki na bila sabuni ya mche inayofulia nguo. Ukaushwe kwa kugusagusa, kisha mgonjwa asubiri kama nusu saa, kwa kuwa ngozi yenye majimaji hunyonya dawa kwa kasi na huungua zaidi. Nusu saa hiyo si ya kukaa bure; vyombo vinaweza kuoshwa, mtoto anaweza kulazwa. Kisha achukue krimu kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kiasi hicho ni cha uso mzima, hakirudiwi kwa kila kipele. Agawe nukta ndogo kwenye paji la uso, mashavuni na kidevuni, halafu azisambaze mpaka zipotee. Kope, pembe za pua, midomo na kidonda chochote kilicho wazi viachwe.

Mtoa dawa ana njia rahisi ya kujua kama maelezo yalieleweka. Tyubu ya gramu 20 ikitumiwa kwa kiasi cha punje ya mbaazi haiishi kabla ya siku 40, hata ikipakwa kila usiku. Anayerudi kununua nyingine baada ya wiki mbili anapaka kama anavyopaka losheni, au anagawana na dada zake. Yafaa aulizwe kwa upole kabla ya kuuziwa.

Usiku wa kwanza si wa kila usiku. Nguvu ya asilimia 0.025 ndiyo ya kuanzia kwa wengi. Kwa wiki mbili za mwanzo ipakwe usiku mmoja na kupumzika mbili. Kisha usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Na baada ya hapo kila usiku, ikiwa ngozi inaruhusu. Anayewashwa sana aweza kutanguliza mafuta ya mgando kiasi kidogo, au kupaka dawa kwa saa moja kisha kuiosha. Mbinu hizi si udhaifu wa mgonjwa na hazipotezi tiba. Ngozi iliyopewa dawa kidogo kwa miezi mitatu hupona vizuri kuliko ile iliyopewa nyingi kwa wiki mbili ikakataa.

Kuhusu mafuta, neno moja la ziada. Chunusi nyingi za paji la uso na kando ya nywele hutokana na mafuta ya nywele yanayoteremka wakati wa usingizi na wakati wa jasho. Tretinoini haitashinda vita na mafuta yanayopakwa upya kila asubuhi. Nywele zikipakwa, mafuta yasifike kwenye ngozi ya uso, na usiku zifungwe kwa kitambaa safi. Kadhalika limau, dawa ya meno, magadi na kila dawa ya nyumbani inayosifiwa kwa kukausha vipele haina nafasi kwenye uso unaotumia retinoidi, wala kunyoa nyusi kwa nta au kwa uzi, ambako huweza kung'oa tabaka la juu la ngozi pamoja na nywele.

Asubuhi dawa ioshwe, na ulinzi uanze. Losheni ya kuzuia jua ni nzuri ikipatikana, lakini bei yake inaiweka mbali na kaya nyingi, na ile inayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino inapaswa kubaki kwao kwanza, maana kwao ni kinga dhidi ya saratani. Mkulima mwingine ana zana za zamani zinazofanya kazi: kofia ya pama au ya ukili yenye ukingo mpana pande zote, si kofia ya michezo inayoacha masikio na shingo nje, khanga iliyofungwa chini ya kofia ikafunika mashavu, na kugawa kazi ili ile ya kuinama majini ifanyike mapema asubuhi au alasiri. Anayewinga ndege akae ndani ya dungu badala ya kusimama nje yake. Mafundi wa kuvumilia jua watacheka. Waache wacheke.

Dungu lenyewe linaleta swali la utunzaji. Familia nyingi huhamia shamba kwa wiki kadhaa, na tyubu huhama nazo. Mwanga na joto huiua tretinoini. Isiwekwe juu ya boriti chini ya bati wala dirishani. Pembeni mwa mtungi wa maji, ndani ya kikopo chenye kifuniko, mbali na watoto, ni mahali pazuri. Iliyo katika mfumo wa jeli huwa na kileo na hushika moto kabla haijakauka, kwa hiyo isipakwe karibu na kibatari au jiko lenye makaa.

Bonde hili lina pia suala la mbu, na usiku wa krimu ni uleule wa mbu. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu iishie mikononi, miguuni na shingoni. Uso unaotumia tretinoini usiongezewe kitu kingine. Njia nyepesi ni kupaka krimu wakati wa kuingia kitandani na kulala ndani ya chandarua. Chandarua kipya chenye dawa huweza kuleta mchomo au mtekenyo usoni kwa siku chache hata kwa mtu asiyetumia krimu yoyote. Ndiyo maana hushauriwa kianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika. Mgonjwa aliyepata chandarua na tretinoini wiki moja asikilaumu chandarua na kukikunja. Aruke krimu usiku mbili tatu, na chandarua kibaki kimening'inia.

Lililo zito kuliko yote linahusu mimba. Isotretinoini ya kumeza, ndugu wa tretinoini anayetumiwa kwa chunusi kali, husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Haipewi mwanamke bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango unaoanza mwezi mmoja kabla ya dawa na kuendelea mpaka mwezi mmoja baada ya kuiacha. Wala haichanganywi na doksisaiklini, kwa kuwa zikiwa pamoja huweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Krimu huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana, lakini kwa tahadhari haitumiwi na mjamzito wala na anayetafuta mtoto. Swali la mimba liulizwe faragha. Binti wa miaka 19 aliyeletwa na mama yake atajibu swali hilo kwa namna moja mbele ya mama na kwa namna nyingine mlango ukifungwa. Na aliyegundua ana mimba akiwa tayari anapaka aache dawa na aende kliniki ya wajawazito bila hofu. Hakuna sababu ya kumtisha, sembuse kumshauri aitoe mimba.

Itasemwa kwamba hakuna muda wa kueleza yote haya katika kituo chenye foleni ndefu. Mengi yake hayahitaji kusemwa siku ya kwanza. Siku hiyo inahitaji maongezi mafupi tu. Binti anasalimia, "Shikamoo mama." Muuguzi anajibu, "Marahaba mwanangu. Kesho unaamkia wapi?" Akisema shamba, muuguzi anajua la kufuata: anabonyeza krimu kwenye kidole chake mwenyewe kuonyesha kiasi cha punje ya mbaazi, anamwomba binti arudie kwa maneno yake atakavyopaka, anamwambia kwamba atababuka kidogo na kwamba malengelenge, uso kuvimba au kutoa majimaji ni dalili ya kuacha na kurudi. Juu ya bahasha, mahali pa yale maneno matatu, anaandika: "Punje 1 ya mbaazi, uso mkavu, usiku 1 kati ya 3. Rudi baada ya wiki 4." Hayo ni ya dakika tano. Mengine ni ya wiki ya nne, na simu hutosha kwa aliye mbali shambani.

Linabaki kundi linalohitaji muda mrefu zaidi, nalo si dogo: wale wanaofika wakitaka tretinoini ilhali tayari wanatumia mkorogo. Wengi hawasemi, na kuwahoji kwa ukali huwafunga midomo. Dalili husema kwa niaba yao: mashavu meupe na viungo vya vidole vilivyobaki vyeusi, mishipa midogo inayoonekana, vinyweleo vipya usoni, vipele vya ukubwa mmoja. Ngozi hiyo imezoea steroidi, na ikiachishwa ghafla hulipuka kwa moto, uvimbe na vipele. Kuiongezea tretinoini katika hali hiyo ni kuichuna mara ya pili. Mgonjwa aombwe alete kopo lake bila kulaumiwa, steroidi ipunguzwe hatua kwa hatua chini ya usimamizi wa daktari, na uso ubaki na maji, sabuni laini na mafuta ya mgando mpaka utulie. Kutulia huko huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na katika muda huo wote tyubu ya tretinoini haifunguliwi.